Sisimizi Walionja Kwanza

Chini ya kitanda changu, hapa Isevya, hakuna viatu.
Kuna miaka.
Imelala ubavu ndani ya kreti la soda, kwenye pumba za mpunga,
shingo zimezibwa kwa nta, kila mmoja na karatasi yake
niliyoiandika kwa penseli, maana wino hukimbia unyevu:
Sikonge, maua ya mtundu, sabini na nne.
Inyonga, muba, themanini na tatu, mvua haba.
Ugalla, na hapo panya kala jina la mti.

Nilikata tiketi stesheni miaka thelathini na mmoja.
Treni ya Kigoma, ya Mpanda, ya Mwanza,
zote zilipita Tabora, na mimi sikupita popote.
Padri mmoja wa Kipalapala, akienda likizo asirudi,
aliniachia chupa tupu za divai ya altare,
nene, za kijani, kitako kimebonyea ndani kama kitovu.
Chupa za namna ile hazitupwi.
Nikaanza kuzitafutia cha kuzijaza.

Watu husema: kumbe wanzuki!
Hapana. Wanzuki ni wa leo,
unaunywa ungali unachemka,
kesho kichwa kinauma, unamlaumu muuzaji.
Hii ni asali iliyopewa nafasi ya kufikiri.
Unaitia maji, unaingoja ichachuke,
unaichuja, unaingoja tena,
halafu unaisahau makusudi,
na kusahau makusudi ni kazi kuliko kukumbuka.

Ya miaka mitatu ina ubishi, inakata ulimi.
Ya kumi imeshika rangi ya chai kavu,
na ukiinusa vizuri utamkuta mrina asali
bado yuko juu ya mti na kienge chake, anakohoa.
Ya ishirini naimimina kwenye kikombe cha kahawa,
kile kisicho na mkono,
naiinua kwenye mwanga wa dirisha.
Tone moja. Likae chini ya ulimi mpaka lijitaje.
Ganda la chungwa lililosahauliwa juu ya bati.
Ukwaju.
Kisha kitu ambacho sina jina lake,
kinafanana na chumba cha bibi baada ya kufagiliwa.

Alikuja kijana kutoka Dar, miwani myeusi,
akaniuliza bei ya sabini na nne.
Mwaka tuliohamishwa, mizinga tukaiacha msituni
ikining'inia na nyuki wake.
Nikamwuliza: unautaka mwaka mzima,
au nikutolee Agosti?
Akacheka. Mimi sikucheka.
Akaondoka na soda.

Winfrida, mke wangu, sauti ya pili kwaya ya Moraviani,
hajaonja hata tone tangu anioe,
ndiyo, yeye ndiye aliyenioa, mtaa wote unajua.
"Wenzako wanafuga kuku," husema,
"wewe unafuga ulevi. Na hautagi."

Mwezi wa tatu, asubuhi, nikaona mstari mweusi
kutoka ufa wa ukuta hadi uvunguni.
Nta ilipasuka. Chupa ya Elinino,
tisini na nane, niliyoiwekea nadhiri ya harusi ya mjukuu,
ilikuwa inalia kidogo kidogo sakafuni,
na sisimizi wamepanga foleni
kwa adabu ambayo sikuwahi kuiona dirishani kwangu stesheni.

Winfrida akaja na fagio.
Akapiga magoti, akatazama, akachovya kidole.
Nilidhani anapima utelezi.
Akakipeleka mdomoni.

Akanyamaza muda wa ubeti mzima.

"Huu ndio mwaka ule," akasema,
"reli iliposombwa ukakaa nyumbani wiki nne.
Tukagombana kila siku.
Bati la jikoni lilivuja, ukaweka sufuria,
ukaniambia nisikilize."

Sikuwa nimemsomea karatasi.
Karatasi ilikuwa imelowa, haisomeki.

Akachovya tena.
Fagio alililaza chini, taratibu,
pembeni, lisiwazibie njia.