Hesabu za Jikoni Kabla ya Msimu

Mwaka jana tulimaliza wa saba kati ya timu nane,
na ya nane ilikatwa alama kwa kuchezesha mamluki.
Natanguliza hilo, mtu asije akasema
mpishi wa chuo anasifia ugali wake.

Miaka kumi na mmoja nawapikia.
Najua nani yumo kikosi cha kwanza
kabla mwalimu Msangi hajabandika karatasi mlangoni:
aliyeitwa anarudi na sahani kuomba ukoko,
aliyeachwa anachambua maharage
kana kwamba yana mawe.

Tuanze golini.
Elinami amehitimu, kaondoka na mikono yake
kwenda Babati kufundisha hesabu.
Kabaki Kirenga, mrefu kama mgomba uliokosa jua.
Mipira ya juu anaichuma kama parachichi.
Ya chini, jamani,
anainama kwa awamu, kama boom.

Nyuma kuna Loishiye wa Longido na Mrutu wa Ugweno.
Hao siwasemi.
Aliyeniona nikiwaongezea nyama, ameona.
Siku tuliyofungwa manne na Tengeru
walikuja jikoni na jezi zao za matope,
wakasugua masufuria bila kutumwa,
bila neno.
Sijui hiyo ni alama ngapi kwenye msimamo.

Katikati ndiko tunakovuja,
kama paa la bwalo:
kila mwaka tunaahidiwa bati,
kila masika tunapanga ndoo.

Ombeni, winga wetu wa kushoto, aliitwa majaribio Tanga.
Nilimkaangia chapati sita za njiani
na kila niliyoigeuza nilimwombea,
Mungu anisamehe,
afeli.
Kafaulu.
Kanitumia picha, kavaa jezi ya kijani, anacheka.
Nimeionyesha mpaka kwa muuza mkaa.

Mbele tunaye Senkondo
na viatu vyake vya njano vya Memorial,
cha kushoto kimezidi namba moja.
Mabao matatu msimu mzima.
La tatu lilimgonga mgongoni
akibishana na refa.

Na wenzetu? Njiro wana basi lao,
wana daktari mwenye mkoba.
Sisi tuna Koasta ya kukodi
na barafu za ukwaju za Mama Ndeshi:
unaweka kifundoni mpaka uvimbe utulie,
kisha unainyonya.

Kwa hiyo mkiniuliza, nasema wa tano.
Machi ikinyesha sawasawa, uwanja ukawa tope, labda wa nne,
maana kwenye tope hata mwenye basi anateleza.

Ningeishia hapo.

Ila juzi mwaka wa kwanza waliingia
na mashangazi-kaja yao, na vumbi la Rombo,
nikamtuma mmoja bombani, kadogo, ka Useri, kanaitwa Silayo.
Anarudi na ndoo kichwani, mpira ukatoroka uwanjani,
ukaja kwa kasi usawa wa kiuno.
Akaupokea kwa paja.
Ukashuka mguuni kama paka aliyeitwa jina lake.
Akaurudisha kwa kisigino, akaendelea na safari.
Ndoo haikumwaga tone.
Nilisimama na mwiko mkononi, uji ukaungua.

Msangi hajui bado. Sijamwambia.
Akijua leo, kesho atamkimbiza mpaka Karanga na kurudi
kabla mtoto hajapata hata godoro.
Acha kwanza ale.

Aliniuliza, kwa sauti ya chini,
kama hapa chuoni huwa tunapika kiburu.
Nikamjibu hatupiki. Bajeti.

Leo asubuhi mlima umejitokeza wote, mweupe hadi mabegani.
Sikuuchukulia kama ishara.
Hujitokeza hata wiki tunazofungwa.

Wa tano, nimesema, na sibadilishi.
Lakini ndizi za Alhamisi nimeshaagiza Kiborloni,
mikungu mitatu,
kwa hela yangu.