Stoo ya Chama cha Mto

Tuliifungua Machi, Tartu bado ina theluji madirishani,
tukahesabu:
kalamu elfu moja mia tisa na kumi na mbili,
wino umekauka,
ubavuni zimeandikwa LINDA MTO
kwa rangi ya kijani iliyobaki kidoleni mwa Maarika.

Kibaya chajitembeza, walisema wa kale.
Hizi hata kujitembeza zilishindwa.

Kulikuwa na samaki wa plastiki wa kutungia funguo,
mipira ya kuminya ukipandwa na hasira,
kamba za shingoni za mkutano
usiokumbukwa na yeyote ila kamba zenyewe.
Miavuli sita. Mitano haifunguki.
Wa sita haufungiki.

Tukakalia maboksi, kikao kikaanza.

Heiki alileta katalogi mpya, kila ukurasa majani matupu.
Akavisifu vikombe vya mianzi.
Maarika akasoma maandishi madogo
kama mtu achambuaye mchele:
mianzi imekatwa bara jingine,
imesagwa, imeshikizwa kwa gundi isiyooza,
kila kikombe kimevikwa mfuko wake wa nailoni
kisije kikakwaruzika
kikienda kuiokoa dunia.

"Basi mifuko ya pamba."

Kimya. Kila mmoja aliiona droo ya jikoni kwake.
Yangu haifungi tangu Krismasi:
mfuko wa benki, mfuko wa daktari wa meno,
mfuko wa kwaya ya Viljandi,
mfuko uliobeba mifuko.
Pamba iliyokunywa mto wa watu wengine
imelala gizani, inangoja safari moja ya sokoni.

Penseli zenye mbegu kitakoni, je?
Leelo alizipanda kumi mwaka jana.
Ikaota moja, ua lisilo la huku.
Aliling'oa usiku, kabla halijauona mto.

Nami nilinyamaza,
mimi ninayeota kwa lugha
ambayo *nataka* na *takataka* ni ndugu wa chungu kimoja.
Ningewaelezaje? Kwa Kiestonia changu cha kuombea chumvi?

Ndipo Urmas mhasibu,
asiyefungua kinywa mpaka aulizwe bei,
akauliza yeye:
"Kwani wanakuja kwetu uchi?"

Mei, kwenye maonyesho, meza yetu ilikuwa tupu.
Muhuri mmoja tu, kambare aliyechongwa na Urmas
kwenye kipande cha mpera uliokufa kwa baridi,
na kisahani cha wino uliochemshwa kwa magome.

"Mnatoa nini?"
"Wewe umevaa nini?"

Wengine walicheka, wakaenda meza ya jirani kwenye maputo.
Bibi mmoja, Vaike, alivua aproni ya kitani,
kitani cha mama yake, kilichofumwa kabla ya vita,
akatutazama sana
kabla ya kutuamini.
Mvulana alitaka kambare kwenye plasta ya mkono uliovunjika.
Mzee alileta mfuko wa benki,
akataka samaki apigwe juu ya jina la benki, tena mara mbili.
Mkono wa Heiki ulitetemeka; kambare wengi waliogelea upande.
Mvua ilipopita, baadhi yao walififia.

Mfadhili alipiga simu kuuliza picha ziko wapi za zawadi.
Tulimtumia ile aproni.
Hajajibu.

Na kalamu? Kuzitupa ni kuzitupa wapi?
Jana nilichukua moja, nikaichovya maji ya moto,
nikaipuliza, nikaisugua karatasini mpaka ikachubuka,
ikakohoa bluu.
Ndiyo hii.
Imenifikisha mpaka hapa, na mistari ya mwisho
nimelazimika kuikandamiza.

Zimebaki elfu moja mia tisa na kumi na moja.