Nilitumwa Machozi

Nilitumwa machozi, kama mtoto anavyotumwa chumvi.
Mhariri alisema kwa simu, huku anatafuna:
"Nenda Kibaigwa. Yule binti wa tatu bora,
miaka tisa sasa, nasikia kafulia.
Nipatie picha amekaa chini. Asitazame kamera."

Nikaondoka Dodoma na kichwa cha habari mfukoni,
kimeshashonwa, kinasubiri mtu wa kukivaa:
JANA JUKWAANI, LEO GUNIANI.

Nilimkuta sokoni, kwenye vumbi jeupe la mahindi,
Damari Chilongani, kalamu sikioni,
anasoma mizani kwa sauti:
"Mia na mbili! Tisini na sita!
Shusha hilo, lina mchanga!"
Na wapagazi wanashusha,
na wenye malori, watu wa maneno mengi, wananyamaza.
Sauti ile ile.
Ila hapa hakuna jaji wa kumwambia afungue kifua.

Nikajitambulisha. Akanitazama kama gunia lisilo na mwenyewe.
"Ni wewe uliyeandika nimetoka kwenye tembe,
kana kwamba tembe ni ugonjwa?"
Ni mimi.
"Ukaandika nilichunga mbuzi peku?"
Ni mimi.
"Katambuga nilikuwa nazo. Gazeti lako ndilo lililonivua."

Mwaka ule Mvumi nzima ilituma jina lake kwa simu.
Baba yake mdogo aliuza beberu, akanunua vocha,
akakaa kizingitini anakwangua, anakwangua,
mpaka ukucha ukawa na rangi ya fedha.
Hilo sikuliandika.
Ukurasa ulikuwa na tangazo la sabuni.

"Halafu mkaniua," akasema, na hakuacha kuandika kilo.
"Jumatatu moja. Ajali, mlisema, huko Gairo.
Mama akaletewa pole akiwa shambani, jembe mkononi.
Nikapiga redioni kuwaambia niko hai.
Wakaniambia nisubiri kidogo.
Nilivyokuwa nasubiri, wakanipigia wimbo wangu
na mtangazaji akasema: apumzike kwa amani."

Mzee mmoja wa Mlali, mwenye gunia sita, alicheka hadi akakohoa.
Mimi nilichezea kifuniko cha lenzi.

Mwishowe nikasema, dada, ungekaa kidogo, pale chini, penye kivuli.
Akasema: "Panda."
Wapi?
"Hapo. Kwenye mizani. Na begi lako."
Nikapanda. Sijui kwa nini nilipanda.
"Sabini na moja! Sasa toa begi. Toa kamera. Toa daftari.
Sitini na mbili!
Umeona? Kilo tisa zote hizo si zako.
Hiyo ndiyo lumbesa, kaka. Mkulima anajaziwa kichwa juu ya gunia,
analipwa gunia.
Andika hilo. Andika kwamba hapa kwangu
kilo mia ni kilo mia,
na kuna watu wananichukia kwa hilo
kuliko walivyonipenda nikiimba."

Niliandika. Naapa niliandika, maneno mia sita,
bei ya debe, jina la mzee, lile beberu pia.
Nikatuma usiku, nikalala vizuri.

Jumapili likatoka.
Kichwa kile kile, herufi nyekundu.
Picha: Damari ameinama anashona mdomo wa gunia.
Sindano wameikata. Uzi wameukata. Gunia lenyewe wamelikata.
Kimebaki kichwa kilichoinama na mkono karibu na uso,
na yeyote angeapa huyu mtu analia.
Chini yake, jina langu, limeandikwa sawasawa.

Nilikaa siku mbili naogopa simu.
Ya tatu ukaingia ujumbe:

*Tumeliona. Karatasi yenu ngumu, nzuri,
mama yangu anafungia karanga.
Ukurasa wako unabeba robo kilo.
Nimepima.*