Pua ya Kuazima

Januari nzima mikate yangu ilinuka petroli.
Hakuna aliyeniambia usoni. Bi Hasmik wa ghorofa ya tatu
alipokea furushi, akalisogeza puani, akasema tu,
"Zaruhi, kesho usiniletee."
Nikajua.
Lavash ni mwembamba kama shuka,
hunywa kila harufu inayopita.

Nikalipeleka Lada gereji tatu.
Kila nilipofika, saa nne, jua limeshapanda
juu ya mawe meusi ya Gyumri,
harufu ilikuwa imekwisha kuaga.
Fundi wa kwanza alikaza kizibo cha tangi, dramu elfu tano.
Wa pili alibadili kizibo, elfu nane.
Wa tatu alinitazama kama watazamavyo mwanamke
aendeshaye gari la marehemu mumewe,
akasema pua ya mjane husikia mengi.

Wa nne ni Manvel. Huyu hasikii harufu yoyote.
Homa moja ilipomtoka, ilitoka na pua yake;
mwaka wa tatu huu, kahawa kwake ni maji moto machungu.
Nikacheka. Fundi wa petroli asiye na pua!
Naye akacheka, akafuta mikono, akaniuliza
swali ambalo wale wenye pua hawakuniuliza:
"Inanuka lini?"

Alfajiri. Gari likiwa limelala nje.
Dakika kumi hivi, kisha basi.

"Liache lilale hapa. Nawe uje kabla ya jua.
Mimi mikono, wewe pua."

Saa kumi na moja, digrii ishirini chini ya sifuri.
Theluji inalia chini ya buti kama sukari inayosagwa.
Manvel kaing'ata tochi, kawasha injini;
ikakohoa, ikakataa, ikakubali.
"Sema."

Nikainama nyuma, kwenye tangi: chuma, moshi, basi.
Chini ya mlango: kidogo, kama mtu aliyepita jana.
Mbele, boneti wazi, upande wa kulia...
"Kali?"
Kali.
"Kali vipi?"
Nikakosa neno. Harufu haina lugha yake, huazima.
Nikasema ni tamu kwanza, halafu inauma nyuma ya macho,
kama kitunguu kinachokatwa chumba cha pili.
Akafumba macho, kama mtu aoneshwaye
picha ya nyumba waliyohama.

"Shuka kidogo. Hapo?"
Hapo.
Akapitisha kipande cha gazeti chini ya mpira
utokao kwenye pampu kwenda karbureta.
Gazeti likarudi na doa,
duara dogo, likikua.

Mpira wenyewe ulikuwa na umri kuliko mwanangu.
Baridi ikiubana hukakamaa, husinyaa, huponyoka kwenye kibano,
na feni ya joto huivuta ile harufu hadi kwenye vikapu vyangu.
Injini ikipata moto hulainika, huziba,
hukana kila kitu mbele ya mashahidi.

Akazima injini. Akamfukuza jirani pamoja na sigara yake.
Akakata mpira mpya, sentimita arobaini,
akaufunga kwa vibano viwili vya skurubu,
si ule waya aliouzungusha mume wangu, Mungu amrehemu,
siku aliyosema, "Huu utatufikisha majira ya joto."
Hakusema ya mwaka gani.
Waya nikautia mfukoni. Sijui kwa nini.

Elfu mbili na mia tano, na mpira ndani yake.

Kesho yake alfajiri nikafungua boneti mwenyewe:
vumbi, chuma, baridi.
Gazeti kavu.

Nikampelekea Manvel mkate, bado una moto.
Akauweka usoni kama taulo, kwa mazoea,
akaushusha taratibu.
"Sema," akaniambia.

Nikaanza na unga.