Alama Zake Ni Nzuri

Mwalimu Mutheu aliifunua ripoti kwa kidole gumba,
akanionyesha A, na A nyingine, na ile A ya Kemia
aliyoizungushia kalamu nyekundu mara mbili.
"Mama Kananu, wenzako huja hapa wakilia.
Wewe umekuja kutafuta nini?"

Nilikuwa nimeandika kiganjani, nisisahau:
sweta nne kwa muhula mmoja.
Sufuria ya mayai iliyokauka motoni hadi kitako kikatoboka
naye ameketi hatua tatu kutoka jikoni, kitabu wazi,
ukurasa uleule tangu magharibi.
Saa nane ya usiku, taa yake ikivuja chini ya mlango,
insha ya kurasa mbili aliyopewa wiki tatu nyuma
ikiandikwa kwa machozi na chai iliyopoa.
Kesho yake inapata ishirini juu ya ishirini.
Machozi hayana safu kwenye ripoti.

Jasho lilikuwa limefuta maandishi.
Nikasema tu, "Anachoka."
"Nani hachoki?" akasema mwalimu, na kengele ikalia.

Baba yake alisema ni simu.
Tukaichukua simu wiki sita; akawa anapotelea dirishani.
Mchungaji aliomba, aliomba vizuri tu,
kisha akauliza kama Kananu angeweza kuwafundisha hesabu
watoto wa Jumapili.
Bima ikasema, kwa sauti iliyorekodiwa, huduma hiyo haimo.

Na kweli, nani humpeleka hospitali mtoto anayeongoza darasa?
Anayeruka juu ya madawati huonekana tangu langoni.
Huyu wangu huruka ndani kwa ndani,
na kimya kingi, tuliambiwa, kina mshindo mkuu.
Hatukuambiwa ni nani anayeusikia.

Jioni moja, akikausha vyombo, alisema bila kunitazama:
"Ma, ni kama kuchota maji kwa mikono.
Nafika nayo. Kila mara nafika nayo.
Ndiyo maana hakuna anayeniuliza ndoo yangu iko wapi."

Kisha Kilimani, ghorofa ya tatu.
Miezi mitano ya kungoja nafasi,
elfu kumi na mbili za kuanzia, pesa za chama.
Fomu yenye maswali hamsini na manne:
Hupoteza vitu? Huanza jambo asilimalize?
Huonekana hasikii hata akisemeshwa ana kwa ana?
Kamwe. Mara chache. Mara nyingi. Daima.
Kufika swali la thelathini nikagundua
ninamjibia msichana mwingine, wa Chogoria,
aliyetumwa chumvi akarudi na kiberiti,
akachapwa, akarudishwa dukani,
akarudi mikono mitupu.
Nikafuta. Nikaanza upya.

Fomu ya shule ilikuja katika bahasha:
Kamwe. Kamwe. Kamwe.
Vema zimepangika kama zimepigiwa rula.

Nje ya dirisha la kungojea
kunguru alikuwa anavuta waya juu ya paa la jirani,
anaukunja, anauacha, anaurudia.
Muuguzi aliita jina. Aliita tena.
Mara ya tatu alikuja kusimama mbele yetu:
"Kananu Kirimi ni nani kati yenu?"
Tukageuka pamoja, mimi na mwanangu,
kwa uso mmoja wa mtu aliyeamshwa.

Daktari aliziweka fomu mbili bega kwa bega.
Hakusema ndiyo. Hakusema la.
Kuna vipimo vingine, alisema, na mwezi ujao turudi.
Kisha akaisukuma ripoti kando,
akamtazama Kananu, si mimi:
"Hii A ya Kemia, ilikunyima usingizi siku ngapi?"

Nilidhani atainua mabega, kama kawaida yake.
Akaanza kuhesabu.
Mkono wa kushoto ukaisha, akahamia wa kulia.
Vidole vyake vilipokwisha
akaushika mkono wangu, ule wenye wino,
akaendelea.