Kuchambua Mchele wa Krismasi

Winnipeg, saa nne usiku,
nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.
Watoto wamelala. Nimeishika rimoti
kama mama yangu alivyoshika ungo:
napeta, napuliza, natafuta mawe
kabla jino la maziwa halijakutana nayo.

Saru ana miaka minne kasoro mwezi.
Mwachofi ana miwili na nusu, naye huogopa
kila alichokiogopa dada yake,
dakika moja baadaye.
Mama yao ana zamu za usiku hospitalini
mpaka alfajiri ya sikukuu.
Ameniachia kazi moja:
“Chagua katuni. Fupi. Isiyo na kifo.”
Nikacheka. Krismasi na kifo vinajuana wapi?

Vinajuana dakika ya sita.
Kulungu mdogo, pua mbichi,
mama yake anageuka kumwita, barafu inapasuka—
nikazima. Daftarini nikaandika: *jiwe*.

Ya pili, mtu wa theluji anayeyuka taratibu
huku fidla ikimlilia. Ningeipitisha,
ila yupo mmoja hapo nje, kavaa skafu yangu,
na Saru humuaga kila jioni kwa jina.
Aprili nitamwambia nini?
Jiwe, tena la kuvunja jino.

Ya tatu kaniazima Bi Oksana wa ghorofa ya chini:
“Wajukuu wangu wanaipenda mno.”
Wajukuu wake wana ndevu.
Mle ndani kindi mmoja, mdomo mwepesi,
anatania ni nani hasa hununua zawadi.
Hapana. Siri ya nyumba yangu
haitatobolewa na kindi.

Ya nne haina ubaya. Haina chochote.
Rangi zinapiga kelele, wanasesere wanazabana vibao,
kila sekunde mbili kitu kinalipuka kwa furaha.
Si jiwe hili. Ni makapi.

Saa saba. Chai imeota utando.
Ya tano: nyegere mwoka mikate,
dakika ishirini na mbili.
Anapakia kigari, anakivuta thelujini,
anagonga milango. Basi.
Hakuna mbwamwitu. Hakuna dhoruba.
Hakuna anayepotea ili apatikane.
Watu wanasema asante kwa sauti ya chini, mara tisa.
Nikairudisha mwanzo, nikaipekua kwa kucha.
Mchele mtupu.

Jioni ya mkesha nikawakalisha,
blanketi moja, bakuli moja la machungwa.
Shwari, shwari, mpaka mwisho kabisa:
nyegere anafunga duka, anazima taa,
na rafuni umebaki mkate mmoja.

Saru akaangua kilio.
“Umeachwa! Umeachwa peke yake gizani!”
Mwachofi akaitimiza dakika yake,
naye akalia.

Mimi niliyepeta hadi usiku wa manane,
niliyekagua meno ya mbwamwitu na kina cha maji,
sikuuona mkate.

Nikabahatisha:
“Ule ni wa mama. Yuko zamu. Amewekewa.”
Kimya. Kamasi moja ndefu.
“Anajua?”
“Atajua akija.”

Tuliitazama mara nne zaidi.
Kila taa ya duka ilipozimwa
Saru aliisogelea runinga, pumzi ikitia ukungu kiooni,
akaunong’oneza mkate:
ngoja tu, zamu inaisha.

Wakesho aliingia kabla hakujapambazuka,
theluji mabegani, macho yamemwiva.
Hata koti hajavua, mkono mdogo ukamkamata
ukamvuta sebuleni,
pale nilipoamriwa kusimamisha picha usiku kucha:
giza la bluu, rafu, mkate.

“Wako,” akaambiwa.
“Hatukuugusa.”