Mshono wa Nje

Kushona baadaye. Kwanza nafumua.
Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
kibaraza cha duka la baiskeli lililofungwa,
cherehani ya miguu, ndoo ya maji ya sabuni,
na wembe nilioukata nusu,
nusu nyingine nimemkopesha kinyozi.

Koti nililitoa Tangamano, elfu nne,
asubuhi Shemhilu alipokata mikanda ya belo
na watu wote tukainama kwa mpigo mmoja
kama mtu aliyeangusha pete.
Zito. La baridi nisiyoijua.
Mwenyewe alikuwa na mabega,
au alitaka tudhani hivyo:
nilipopasua bega, likatoka sponji.

Mkono wa kulia uling'oka bila ubishi.
Wa kushoto ulikataa.
Nikaugeuza. Ndani ya kwapa, kiraka
cha maua madogo ya njano, kitambaa cha pazia labda,
uzi wa kijani juu ya koti jeusi,
umepigwa mfupimfupi, unakwenda upogo,
kazi ya mtu mwenye hasira,
au asiyeona vizuri,
au aliyekuwa anasubiriwa mlangoni.
Kiwanda hakishoni hivyo.
Nikaweka wembe chini. Nikanywa chai ikiwa ya moto.

Mwanakheri alitaka gauni la harusi ya binamu yake,
lisifanane na la mtu.
Basi mgongo wa koti nimeufanya kifua,
bitana imetoka nje ipunge hewa,
mifuko imehamia nyuma, haishiki kitu,
na mishono yote, nyuzi zake, posho zake,
nimeiacha juu, ionekane ilivyoteseka.
Kiraka nimekipandisha hadi begani.

Mama yake alisimama barabarani, kapu la dagaa mkononi.
"Umegeuza nguo, we mtoto. Kaivae vizuri."
"Ndivyo ilivyo, mama."
"Fundi, nguo haijaisha hii."
"Imeisha, mama. Imeisha mara mbili."

Akasogea. Akashika ule uzi wa kijani,
akaufuata kwa ukucha, polepole, hadi mwisho.
"Hapa kashona nani?"
"Simjui."
"Hakupiga fundo."

Akaweka kapu chini,
akajifuta vidole kwenye kanga,
akaniomba sindano,
akainama begani kwa mwanawe
na kulipiga.